Taratibu na Nyumba ya Minong'ono

Nimeolewa katika nyumba ya watu wanaonong'ona. Nalisema hili mapema ili baadaye msije mkaniona mkorofi, maana mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na nikinong'ona mimi, jirani wa nyumba ya tatu anauliza nimesemaje. Kutwa niko na mashine ya kukatia, nyundo na mageti ya watu. Nikirudi nyumbani masikio bado yanavuma, na sauti inatoka kana kwamba naongea na mtu aliye upande wa pili wa lori. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke kwa mama mkwe ambaye vitasa vya milango yake vimezungushiwa vitambaa ili mlango usigonge ukifungwa.

Mwanzoni nilidhani vile vitambaa ni mapambo. Siku niliyokwenda kutambulishwa kuna mtu alisema jambo la kuchekesha, nikacheka, na chumba kizima kikaganda. Wifi yangu akaweka kidole mdomoni, akamtupia kaka yake jicho, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, taratibu." Mchumba wangu akatabasamu. Akaniambia nisijali, hilo la Taratibu ndilo jina lake humu ndani.

Na kweli ndilo jina lake mpaka leo. Alizaliwa na tundu moyoni, na njia ya kupitishia damu kwenda kwenye mapafu ilikuwa nyembamba kupita kiasi. Uchangani akilia midomo inageuka zambarau, na daktari mmoja wa enzi hizo akamwambia mama yake: mtoto huyu asilie, asishtuliwe. Baadaye akafanyiwa upasuaji. Tundu likazibwa, njia ikapanuliwa, mtoto akabaki na kovu refu katikati ya kifua, akakua, akaota ndevu, akajifunza kazi, akaoa. Lakini hakuna aliyemwambia mama mtu kwamba ile amri imekwisha muda wake, kwa hiyo ikaendelea. Redio chini. Ugomvi wa watu wazima unamaliziwa uani. Mtu wa ukoo akifa, Taratibu anapewa habari kwa mafungu: kwanza anaumwa kidogo, halafu anaumwa sana, halafu ndiyo hivyo tena. Habari ya kifo cha babu yake ilimfikia babu akiwa ameshazikwa na watu wamesharudi makwao, na wakati huo yeye ni mwanaume mzima mwenye duka lake.

Hospitalini ikawa hivyo hivyo. Kila akienda kliniki ya moyo anapimwa, kisha anakaa kwenye benchi la nje, na mama ndiye anayeingia kusikia majibu. Akitoka anasema, "Hakuna neno, mwanangu, twende." Ilikuwa hivyo tangu yuko darasa la kwanza. Wauguzi walishawazoea, na wala hakuna aliyejiuliza mbona mgonjwa mwenyewe ana ndevu.

Kazi yake ni miwani. Ana duka dogo lenye kioo mbele, mashine ya kusaga kingo za lenzi, na kifaa cha kupuliza hewa ya moto kinacholainisha fremu ili aikunje vizuri nyuma ya masikio ya mteja. Skrubu anazozifunga mimi hata nikivaa miwani sizioni. Tulikutana nilipompelekea miwani yangu ya kazini iliyoungua na cheche. Akaitazama, akayatazama macho yangu mekundu, akanikaripia. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kukaripiwa kwa upole namna ile, na nikampenda hapo hapo.

Tulikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa balaa lilipoanza. Alikuwa dukani mchana, anamvalisha mama mmoja miwani mpya, ghafla moyo ukaanza kumwenda mbio. Kifua kikabana. Vidole vikafa ganzi, hewa ikawa haiingii, akajua huyu ndiye mtoa roho kafika. Akakaa chini sakafuni. Yule mteja akatoka nje anapiga mayowe huku miwani iko usoni, na mpaka leo hajairudisha. Mimi niliitwa nikaja mbio na aproni yangu yenye matundu ya moto. Tukamkimbiza hospitali, wakampima, wakamlaza, wakamfunga kifuani kifaa kidogo cha kuandika mapigo siku nzima. Akiwa nacho ile hali ikamjia tena. Siku ya majibu, akiwa ameshatoka wodini, mama akaingia kusikia, akatoka. "Hakuna neno."

Neno lilikuwepo, maana hali haikuacha. Ilimkamata kwenye foleni, ikamkamata bafuni, ikamkamata anafunga kamba za viatu. Akaanza kuikwepa. Akaacha kupanda ngazi, akaacha kubeba mfuko wowote, akaacha hata kucheka, maana kucheka nako kunaharakisha mapigo. Muda wote ana vidole viwili shingoni, anajipima. Nikimwambia habari ya kazini anaitikia, lakini naona kabisa anasikiliza vidole, hanisikilizi mimi. Kisha akafunga duka.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja na begi. Akasema anamchukua mwanawe akapumzike. Nilimtazama mume wangu nikimsubiri akatae, naye akaanza kukunja mashati. Jamani, iliniuma. Nimewahi kudondokewa na geti mguuni, lakini haikuniuma vile.

Kila nikitoka kazini nilipitia kule. Mama ananipokea mlangoni, ananong'ona, "Amelala." Huku namwona dirishani amekaa kitandani kwenye chumba chake cha utoto, macho makavu, vidole shingoni. Nikisema niingie, naambiwa nitamshtua. Sikuwa mjane na sikuwa na mume. Niliona wazi kwamba nikinyamaza, ataishia mle ndani kama kikombe cha wageni kabatini, hatumiki na havunjiki, na watu watasema alitunzwa vizuri.

Siku moja nikaenda mchana nikijua mama yuko sokoni. Wifi akanifungulia, akasita, nikampita. Taratibu aliponiona akasogea, nikakaa ubavuni pake.

"Mke wangu," akasema, "mimi nakufa, na hawa hawataki kuniambia."

"Nani kakwambia unakufa?"

"Hakuna. Ndiyo maana najua." Akanieleza kama anavyomweleza mteja kuhusu lenzi, kwa utulivu kabisa. Katika nyumba yao, jinsi habari inavyokuwa mbaya ndivyo watu wanavyozidi kuwa wema. Babu alipofariki, yeye alinunuliwa viatu. Safari hii mama alipotoka kwa daktari alikuwa na macho ya mtu aliyelia, akamshika mkono njia nzima. Wifi anamfulia soksi. Nyama zote kubwa zinawekwa kwenye sahani yake. "Hawajawahi kuwa wema kiasi hiki," akasema. "Sijui nimebakiza nini." Halafu akaongeza kwamba nikiolewa tena, nitafute mwenye moyo mzima.

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nilimwambia mambo ambayo mengine siwezi kuyarudia hapa. Kwa kifupi nilimwambia mimi nimeolewa na yeye, na kwamba habari za nyama na soksi tuwaachie wenyewe, sisi twende tukamuulize daktari. "Na safari hii unaingia wewe. Mama yako akitaka kuja aje, benchi ni refu."

Akaniuliza, "Na akisema ni kweli?"

"Akisema ni kweli tutalia wote wawili, halafu tutajua tunalia nini."

Tulienda asubuhi iliyofuata. Mama mkwe akaja, amevaa vizuri, mkoba kwapani, hajanisalimia. Tukakaa benchini sisi watatu, Taratibu katikati. Korido ilikuwa imejaa watu, inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi akafungua mlango, akaita jina lake la kwenye cheti, na mama akasimama kama alivyosimama miaka yote.

"Mama, kaa," nikasema. Kwa sauti yangu ile ile mnayoijua. Korido nzima ikageuka.

Mama alimshika mwanawe mkono wa shati. "Mwanangu, utashtuka," akamwambia.

Taratibu alikuwa ameshasimama. Jasho linamtoka, mkono uko shingoni. Nilijua nikisema neno moja zaidi nitaharibu, nikang'ata ulimi. Akautoa ule mkono shingoni, akaushika mkono wa mama yake, akauondoa kwenye shati lake polepole.

"Mama, mimi nimeshashtuka," akasema. "Miezi yote hii nimeshtuka. Acha nikasikie."

Aliniomba niingie naye. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke, umri wetu tu, na alipomwona akaweka kalamu chini. "Kumbe wewe ndiye mwenyewe," akasema. "Nilishauliza huyu mtu yuko wapi. Nilimwambia mama yako nataka nikuone uso kwa uso, nikaambiwa uko mbali kikazi."

Akawasha picha ya moyo wake, akaigeuza upande wetu. Akamwonyesha mahali palipozibwa. Akamwonyesha valvu moja, kimlango cha damu, inayovuja kidogo, na akamwambia wazi kwamba imekuwa ikivuja hivyo hivyo tangu zamani, haijazidi, ataiangalia kila mwaka, na ipo siku huko mbele huenda ikahitaji kubadilishwa. Sio sasa. Kisha akamwonyesha michirizi ya kile kifaa cha kifuani. "Hapa ndipo hali ilipokujia," akasema. "Tazama. Moyo unakimbia, lakini unakimbia kwa mpangilio. Unafanya kazi yake vizuri tu. Kilichokubana ni hofu. Na simaanishi una woga, namaanisha ugonjwa, una dalili zake na una tiba yake."

Taratibu akauliza, "Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, na mimi nitakufa. Lakini sioni cha kukuua hapa." Akasogeza kiti. Akamweleza kwamba watu wazima wengi waliozaliwa na mioyo kama yake humjia na hofu ya namna hii, wengine na huzuni isiyoondoka, na wengi huona aibu kusema kwa sababu wameshaambiwa washukuru kuwa hai. "Umekua unaambiwa utavunjika. Mwili umesikia, umeamini. Hilo nalo linatibiwa. Nilimpa mama yako jina la mtaalamu wa afya ya akili, yuko jengo la pili hapa hapa." Akanyanyua kidole. "Lakini ukizimia, au mapigo yakianza kuruka ovyo, unakuja mbio. Usijifanye shujaa ukasema ni hofu tu."

Mume wangu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, nami nikamsaidia upande wa kilio.

Tulipotoka, mama alikuwa ameketi vile vile, mkoba mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kumtafuna. Miezi yote hii mtu anajihesabia siku za kufa, kumbe majibu mazuri yamekaa kwenye mkoba wa mama yake! Lakini Taratibu alinitangulia, akakaa karibu naye.

"Mama, alikwambia moyo hauna shida."

"Aliniambia."

"Ukanyamaza."

Mama akatazama sakafu. "Aliniambia moyo hauna shida, halafu akaniambia akili," akasema. Alinong'ona, bila shaka. "Nikajua nikitoa la kwanza itabidi nitoe na la pili. Mwanangu, watu wanakuonea huruma kwa moyo. Kwa akili watakucheka. Nikaona afadhali wakuonee huruma." Kisha machozi yakamshuka. "Nimekulinda tangu una miezi. Sijui mtu anaachaje."

Hasira yangu haikuisha siku ile, nisiwadanganye. Nilimnunia mama mkwe muda mrefu tu. Ila nilikuwa nimeshaelewa kwamba mle ndani hofu haikuwa ya mtu mmoja.

Mtaalamu wa jengo la pili alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyopinda, jicho moja juu jingine chini. Siku ya kwanza Taratibu hakusema lolote la maana, alikuwa anaitazama ile miwani. Siku ya pili akashindwa kuvumilia, akaenda na koleo lake dogo, akamwomba aivue. Akawa anainyoosha huku anajibu maswali, na mikono ikiwa na kazi mdomo ukafunguka. Akamwambia mzee wa watu mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Kwamba tangu utoto kila siku ya kuzaliwa aliiona kama ya kuazima. Kwamba hataki kovu lake lionekane, si kwa sababu ni baya, ila kwa sababu watu wakiliona wanapunguza sauti.

Akapewa dawa pia, daktari wa moyo akaziidhinisha. Kisha yakaja mazoezi, na hapo nilicheka sana. Kwa ruhusa ya daktari, yule mzee alimpeleka kwenye ngazi za jengo, wakapanda pamoja mpaka moyo ukaanza kukimbia, halafu wakasimama pale pale, bila kukaa, bila kushika shingo, wakausubiri utulie wenyewe. Siku hiyo Taratibu alikuja karakana kwangu amevimba kwa hasira. "Yule mtu anataka kuniua makusudi," akasema. Nikamuuliza mbona hajafa. Akafikiri. "Sijui," akasema, na akaketi kwenye rundo la mabomba akanisubiri nimalize kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu ya kelele.

Haikunyooka moja kwa moja. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa, akakataa kutoka chumbani, na mzee wa miwani akasema ndivyo inavyokwenda, asikate tamaa. Nilikata mimi kwa niaba yake, kisha nikajikaza. Lakini mchana mmoja nasikia mtu anahangaika na komeo la geti letu, nachungulia, namwona amesimama na begi lake, na nyuma yake mama yake amebeba mto. Mto tulikuwa nao. Nikaupokea nikashukuru.

Duka likafunguliwa, nusu siku kwanza. Hali bado humtembelea mara moja moja. Anakaa, anaiacha ipite, anaendelea kusaga lenzi. Vitambaa vya vitasa kwa mama mkwe bado vipo, na wifi bado ananikonyeza nikicheka. Siku hizi namkonyeza na mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwake, nimepanda ngazi nafunga nondo za dirisha la juu. Mama mkwe akaingia. Hakunisalimia, nadhani hakuniona. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba chini, akakunjua mikono na kuikunja tena. Taratibu akamuuliza kama miwani inamsumbua.

"Natoka hospitali," akasema. "Nina uvimbe shingoni. Wanataka kunipasua." Akashusha pumzi. "Dada yako sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote. Nimekuja kwako kwanza."

Nikaacha bisibisi hewani. Nilimwona mume wangu amebadilika rangi.

"Moyo unanienda mbio, Mama," akasema.

Mama akaruka kutoka kitini, mikono mbele, uso wote umemwanguka. "Nimekushtua. Mimi mjinga, nimekushtua—"

"Kaa, Mama. Acha uende mbio, utatulia." Akamrudisha kitini kwa mikono yake miwili, mikono ile ile inayowavalisha watu miwani. Akamtazama usoni vizuri. "Wewe je? Unaogopa?"

Nina hakika hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, tangu siku aliyoletewa mtoto mwenye midomo ya zambarau akaambiwa asimshtue. Alimtazama mwanawe kana kwamba hajaelewa. Kisha akalia, na safari hii hakunong'ona. Wapita njia walisimama mbele ya kioo.

"Naogopa sana," akasema. "Naogopa sana, baba."

Taratibu akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Basi niambie yote," akamwambia. "Usibakize."